Punda wa Nakuru, Mashine na Mkono wa Daktari

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu tiba ya punda na farasi katika Kaunti ya Nakuru, pande mbili hujitokeza upesi. Wapo wanaosema kwamba daktari wa mifugo asiye na eksrei, altrasaundi wala chumba cha upasuaji chenye mashine ya nusukaputi anabahatisha tu, na kwamba mnyama wa mtu maskini anastahili uhakika uleule anaopata farasi wa mbio kule Uingereza. Wengine hujibu kwamba hayo ni mambo ya matajiri: punda wa mkokoteni anahitaji daktari atakayefika, amguse, amtibu, na bei iwe ile ambayo mwenye punda anaiweza. Nakubaliana zaidi na hawa wa pili. Ila naona wamekosea jambo moja kubwa, nalo ni dawa ya usingizi na ya maumivu, ambayo wanaitia kapu moja na mashine kana kwamba nayo ni anasa.

Nakuru ni mahali pazuri pa kuupima ubishi huu kwa sababu wanyama wa aina zote mbili wapo. Gilgil kuna farasi wa polo, na wenye farasi hao wana uwezo wa kumwita daktari kutoka Nairobi mnyama akichechemea kidogo tu. Mwendo mfupi kutoka hapo, katika mitaa ya Rhonda na Kaptembwo mjini Nakuru, punda huvuta mitungi ya maji tangu alfajiri, na huko Molo na Mau Narok hubeba viazi kutoka shambani hadi barabarani. Zamani punda wa mkokoteni akiumia sana, mwenyewe alitafuta mwingine. Siku hizi si rahisi hivyo. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Katikati hapo, kuanzia 2016, vilifunguliwa vichinjio vya punda, Naivasha na Mogotio vikiwemo, ngozi zikisafirishwa China. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo. Punda wakapungua, bei ikapanda, na kumtibu aliyepo kukawa na maana ya kifedha hata kwa mtu asiyemwonea mnyama huruma.

Wanaoutetea mkono wa daktari wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Uchunguzi wa mwili ukifanywa sawasawa si kubahatisha. Tatizo ni kwamba kwa punda mara nyingi haufanywi sawasawa, kwa kuwa watu humchukulia kama farasi mdogo. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hugaragara, hutoka jasho, huugeukia ubavu wake na kuupiga kwa mguu. Punda mwenye ugonjwa uleule huenda akasimama tu pembeni, kichwa kimeinama, hataki majani. Mwenyewe atakwambia amechoka, kumbe utumbo umeziba, wakati mwingine kwa karatasi za plastiki alizozila jalalani. Vipimo vyenyewe pia vinatofautiana. Joto la kawaida la punda mzima ni nyuzi 36.5 hadi 37.8, mapigo ya moyo 36 hadi 52 kwa dakika, na pumzi 12 hadi 28. Farasi huwa na mapigo 28 hadi 44, na joto lake linaweza kufika nyuzi 38.5 akiwa mzima. Kwa hiyo daktari aliyeshika namba za farasi peke yake akimpima punda akakuta nyuzi 38.3, ataandika hana homa, na homa anayo. Kosa hilo halirekebishwi na mashine ya bei yoyote. Linarekebishwa na kipimajoto na mtu anayejua anachokisoma.

Chukua kisa cha kila wiki katika mji wa Nakuru. Punda analetwa akiwa anarukaruka kwa miguu mitatu. "Daktari, jana amevuta maji vizuri kabisa, leo amekataa kukanyaga." Daktari anashika kwato kwa kiganja, analinganisha na ya upande wa pili: hii ina moto. Anateremsha vidole hadi nyuma ya kifundo kutafuta mshipa wa damu, ambao kwa punda mzima huwa vigumu hata kuusikia, na leo unadunda. Kisha anachukua koleo la kwato na kubana taratibu, hatua kwa hatua, kuzunguka unyayo wote. Mahali pamoja punda anavuta mguu kwa nguvu. Kisu kinaparua hapo, kinafuata mstari mweusi mwembamba, na usaha wa kijivu wenye harufu mbaya unatoka. Baada ya muda si mrefu mguu umewekwa chini. Picha haikupigwa, wala haikuhitajika, kwa sababu jipu la ndani ya kwato ndicho chanzo cha kawaida kabisa cha kuchechemea kwa ghafla namna hiyo.

Upande wa mashine hapo huuliza swali ambalo halina jibu la mkato: na yule ambaye usaha hautoki? Mfupa wa ndani ya kwato ukivunjika, dalili ni zilezile: moto, mshipa unaodunda, maumivu ya kubanwa, kukataa kukanyaga. Daktari atachimba kwato asione kitu, atarudi kesho achimbe tena, na mnyama atateseka wiki nzima kwa tiba ya ugonjwa asiokuwa nao. Sindano ya ganzi juu ya visigino itamwonyesha kwamba maumivu yamo kwenye kwato, maana dakika chache baadaye punda atatembea vizuri zaidi. Haitamwambia yatokana na nini. Tena ukishuku mfupa umevunjika, kuiondoa hiyo kinga ya asili ambayo ni maumivu ni hatari, kwani mnyama ataukanyaga mguu kwa uzito wake wote na ufa unaweza kufunguka. Hapo eksrei haina mbadala. Na kuna jambo ambalo wenye kuibeza hawalitaji: picha husaidia pia kuamua kumuua mnyama kwa huruma, asiendelee kuteseka. Mwenye punda akiuona mfupa uliopasuka vipande kwenye kioo, anakubali upesi kwamba hakuna dawa. Asipouona, atasubiri, atapaka mafuta, atafunga matambara, na kila siku ya kusubiri, anayelipa ni punda.

Lakini picha nayo hudanganya, na humdanganya zaidi asiyemjua punda. Katika farasi, mfupa wa kwato ukionekana umeshuka chini ya ukingo wa juu wa kwato, hiyo ni ishara mbaya ya ugonjwa wa kwato unaolegeza mfupa kutoka kwenye ganda lake. Punda mzima, asiye na ugonjwa wowote, kwa maumbile yake mfupa huo hukaa chini zaidi. Picha moja, wanyama wawili, majibu mawili. Msomaji aliyefundishwa kwa picha za farasi anaweza kumhukumu punda mwenye afya. Tena ufa mwembamba wa mfupa unaweza usionekane siku ya kwanza. Huonekana vizuri baada ya siku 10 hadi 14, kingo zake zinapoanza kuyeyuka. Sidhani hizi ni sababu za kuikataa eksrei. Ni sababu za kumgharamia kwanza msomaji wa picha, kisha mashine.

Kuna pia sheria na usalama. Mashine ya eksrei nchini huwa chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na huruhusiwi kuizungusha vijijini kama pampu ya kunyunyizia dawa. Nani atakayemshika punda kichwa wakati wa kupiga picha? Mara nyingi ni kijana wa mkokoteni, bila aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi, karibu kabisa na mionzi. Akirudi nyuma mara mbili ya umbali, mionzi inayomfikia hupungua hadi robo, na kamba ndefu pamoja na dawa ya kutuliza humruhusu arudi. Hayo yanawezekana. Yakipuuzwa, tunamtibu mnyama kwa kumhatarisha mtoto wa mtu.

Kuhusu altrasaundi sioni kwa nini tunabishana. Nakuru ni kaunti ya ng'ombe wa maziwa, na madaktari wanaopima mimba za ng'ombe kwa altrasaundi wapo tayari. Kile kichwa cha mashine kinachoingizwa kwa ng'ombe kupima mimba ndicho hichohicho kinachoweza kuwekwa nyuma ya mguu wa farasi au punda kuangalia ukano uliochanika. Haina mionzi, hubebwa mkononi. Kinachokosekana ni siku chache za mafunzo kwa watu ambao mashine wanayo garini.

Sasa nije kwenye dawa ya usingizi, ambapo naachana na wenzangu wa upande wa mkono.

Woga wao una msingi. Nusukaputi kwa farasi ni jambo la kuogopwa kweli. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba kati ya farasi 100 waliolazwa kwa nusukaputi, karibu 2 walikufa, na hata ukiwaondoa wenye msokoto wa tumbo, kiwango kilikuwa asilimia 0.9. Ufuatiliaji wa karibuni zaidi, ambao matokeo yake ya awali yalitoka 2021, umeonyesha nafuu: asilimia 1.0 kwa jumla, na 0.6 kwa wasio na msokoto. Kwa mbwa, utafiti wa Uingereza wa 2008 ulipata takriban asilimia 0.17. Farasi ana kilo 450 au 500. Akilala ubavu saa kadhaa, uzito wake mwenyewe hukandamiza misuli na mapafu, na akizinduka huwa na hofu ya kutaka kusimama kabla miguu haijawa tayari. Baadhi huvunjika mguu chumbani baada ya upasuaji uliofanikiwa. Mtu akiniambia Nakuru haihitaji kuharakisha kujenga chumba cha kupasulia farasi waliolazwa kwa muda wa saa tatu, nitamsikiliza.

Kutoka hapo, hata hivyo, watu huruka hadi kusema kwamba basi punda ahasiwe kwa kamba. Na ndivyo inavyofanyika: wanaume wanne, mmoja amekalia shingo, miguu imefungwa, kisu. Jambo hili linaniuma. Kumshikilia mnyama asitikisike si kumwondolea maumivu, na punda kwa kuwa halii sana, tunajipa moyo kwamba hakuumia. Takwimu zilezile zinazotisha kuhusu kulaza zinaonyesha pia njia nyingine: katika ufuatiliaji huo wa 2021, farasi waliotulizwa wakiwa wamesimama walikufa kwa asilimia 0.2 tu. Zailazini ya kutuliza na lignokeini ya ganzi hutosha kwa kushona vidonda vingi, kung'oa meno kadhaa, kutibu jicho. Kwa kuhasi, zailazini ikifuatwa na ketamini mshipani humlaza punda kwenye nyasi muda mfupi, na ganzi ikiongezwa kwenye korodani kazi inakamilika. Punda naye ana faida ambayo farasi hana: ni mwepesi, na akizinduka kwa kawaida hatapatapi, hukaa kifuani kwanza, kisha husimama akiwa tayari.

Hapa pia lakini namba za farasi hazifai. Mwili wa punda huiondoa ketamini upesi zaidi, kwa hiyo daktari asiyejua hilo ataona mnyama anaanza kutikisa mguu kisu kikiwa bado kazini. Dozi ya kuongeza iwe tayari kwenye bomba la sindano kabla ya kuanza. Dawa za maumivu kama fluniksini na fenilibutazoni nazo hutoka mwilini mwa punda mapema, na ratiba ya farasi humwacha na maumivu muda mrefu kabla ya dozi inayofuata. Utepe wa kupimia uzito wa farasi haumfai. Punda pia huelekea kutokwa na damu zaidi anapohasiwa, hivyo mishipa ifungwe kwa uzi badala ya kuiachia bahati. Na chanjo ya pepopunda isisahaulike, kwani wanyama wa jamii hii wako hatarini kuliko karibu wote tunaowafuga. Kila nilichokitaja katika aya hii hubebwa kwenye boksi moja la daktari. Hakuna hata kimoja kinachongoja mfadhili alete kontena.

Kwa hiyo kama kungekuwa na fungu moja tu la fedha, ningelipeleka kwanza kwenye dawa hizo na kwa watu wanaozitumia, kisha mafunzo ya altrasaundi, kisha eksrei moja inayobebeka, iwekwe mahali penye walimu na leseni. Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, kina kitivo cha tiba ya mifugo. Wanafunzi wake wangeziona picha za punda wa hapa na kujifunza lipi ni la kawaida kabla ya kuhitimu. Upande wa mashine utasema Njoro ni mbali kwa mnyama wa miguu mitatu, na ni kweli. Fungu hilo lihesabu pia gari la kumbeba. Gari liwe na nafasi ya punda wawili, kwa sababu punda akitenganishwa na mwenzake mara nyingi huacha kula, na asipokula, mwili huyayusha mafuta na kuyamwaga kwenye damu hadi ini linashindwa. Daktari anaweza kuliona hilo bila maabara: akiacha damu isimame kwenye chupa, maji yanayojitenga juu huwa na ukungu mweupe. Akiyaona hayo, mguu unakuwa si shida ya kwanza tena.