Imani, rangi au hati ya kiwanja: kinachowatenganisha Waprotestanti wa Marekani

Tarehe 14 Novemba 1784, katika chumba cha juu cha nyumba moja mjini Aberdeen, Uskoti, maaskofu watatu walimwekea mikono Samuel Seabury, kasisi kutoka Connecticut, awe askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Marekani. Seabury alikuwa ameanzia London na kukaa huko zaidi ya mwaka mmoja akisubiri. Maaskofu wa Uingereza hawakuweza kumweka wakfu, kwa kuwa sheria ilimtaka kila askofu mpya ale kiapo cha utii kwa mfalme, na yeye sasa alikuwa raia wa nchi iliyotoka kupigana na mfalme huyo huyo. Maaskofu wa Uskoti hawakuwa chini ya serikali, wakaweza. Wiki sita baadaye, wakati wa Krismasi, wahubiri wa Kimethodisti walikutana Baltimore wakaunda kanisa lao. Kwa siku tatu mfululizo walimpandisha Francis Asbury kutoka mhubiri wa kawaida hadi shemasi, kisha mzee (yaani kasisi), kisha msimamizi, na haukupita muda akawa anaitwa askofu.

Makanisa hayo mawili yalitoka tumbo moja. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alikufa akiwa bado kasisi wa Kianglikana, na ungamo la imani alilowapa Wamarekani lilikuwa zile Kanuni 39 za Kianglikana alizozipunguza hadi 24. Wamarekani wenyewe wakaongeza ya 25, inayowatambua watawala wa nchi yao mpya. Ukizisoma Kanuni hizo kwa pamoja, hutapata sababu ya kutosha ya kuwa na makanisa mawili. Basi kwa nini yakawa mawili?

Majibu yanayotolewa ni ya aina mbili, na wanaoyatoa huwa hawasikilizani. Wa kwanza husema madhehebu ni zao la mafundisho: watu walitofautiana kuhusu ubatizo, Meza ya Bwana na neema ya Mungu, wakaachana kwa dhamiri safi. Wa pili husema mafundisho yalikuwa kifuniko tu, na kwamba ukikifunua utakuta kabila, lugha, tabaka, na zaidi ya yote rangi ya ngozi. Nazungumzia hapa yale madhehebu saba makongwe: Waepiskopali, Wamethodisti wa Kanisa la Muungano, Wapresbiteri, Walutheri wa Kanisa la Kiinjili, Wabaptisti wa kaskazini, Kanisa la Muungano la Kristo, na Wanafunzi wa Kristo. Kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini ndiyo yaliyojenga vyuo vikuu, hospitali na jamii ya viongozi wa nchi ile.

Upande wa mafundisho haupaswi kubezwa. Mwaka 1529 Luther na Zwingli, mwanamageuzi wa Uswisi, walikutana Marburg, Ujerumani, wakakubaliana karibu kila jambo isipokuwa moja: je, mwili wa Kristo upo kweli katika mkate? Luther alisema upo, Zwingli akasema mkate ni ukumbusho, wakaagana bila kushirikiana Meza. Mpasuko huo ulivuka bahari pamoja na wahamiaji. Walutheri wa Pennsylvania, ambao Henry Melchior Muhlenberg aliwaunganisha katika sinodi, yaani umoja wa sharika, mwaka 1748, walibaki na imani ya Luther. Wapresbiteri, waliounda presbiteri (baraza la wachungaji na wazee wa kanisa wa eneo) yao ya kwanza Philadelphia mwaka 1706, walimfuata Calvin: Kristo yupo mezani kwa Roho, na Mungu ndiye aliyewachagua walio wake. Wabaptisti walikataa kubatiza watoto wachanga, na jambo hilo halikuwa mchezo Massachusetts, ambako wapuritani walitawala kanisa na serikali kwa pamoja. Roger Williams alifukuzwa huko kwa kuhubiri kwamba dola haina mamlaka juu ya dhamiri. Mwaka 1636 akaanzisha Providence, na miaka miwili baadaye likazaliwa huko kanisa la kwanza la Kibaptisti katika Marekani.

Hata porini, mbali na maktaba, mafundisho yalikuwa na nguvu. Wapresbiteri walidai mchungaji awe amesoma chuo, na walifundisha kwamba wateule wamekwisha kujulikana kwa Mungu. Wamethodisti walimpa kijana farasi na Biblia wakamtuma akahubiri kwamba neema ni ya kila mtu atakayeipokea. Mkulima wa Kentucky alisikia tofauti hiyo vizuri kabisa. Kufikia katikati ya karne ya 19, Umethodisti ulikuwa dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humo. Na huko huko Kentucky, baada ya uamsho mkubwa wa Cane Ridge mwaka 1801, Barton Stone, na baadaye Alexander Campbell wa Virginia, walitaka madhehebu yafutwe, Wakristo warudi kwenye Agano Jipya peke yake na washiriki Meza ya Bwana kila Jumapili. Harakati hiyo ya umoja nayo ikawa dhehebu, kisha ikagawanyika. Inahuzunisha, kwa sababu nia yao ilikuwa njema na walikuwa wameuona ugonjwa wenyewe.

Sasa tusikilize upande wa pili, ambao ushahidi wake ni mzito. Mwaka 1844 Mkutano Mkuu wa Wamethodisti ulikaa New York kumjadili James Andrew, askofu wa Georgia aliyekuwa na watumwa, wengine kwa urithi na wengine kupitia ndoa. Mkutano ulimtaka asitishe kazi ya uaskofu maadamu anao. Wajumbe wa kusini waliondoka, na mwaka uliofuata wakaunda kanisa lao. Mwaka huo huo wa 1845 Wabaptisti wa kusini walikutana Augusta, Georgia, wakajitenga kwa sababu bodi ya misheni ilikataa kumtuma mmisionari mwenye watumwa. Wapresbiteri wa kusini walijitenga mwaka 1861, vita vilipoanza. Hakuna hata mmoja aliyebadili ungamo lake la imani. Wapresbiteri wa pande zote mbili waliendelea kukariri katekisimu ile ile, na bado iliwachukua miaka 122 kuungana tena, hadi 1983. Wamethodisti waliungana mapema zaidi, mwaka 1939, lakini kwa masharti ya aibu: makanisa ya weusi yaliwekwa katika kanda yao pekee, bila kujali jimbo waliloishi, na kanda hiyo ilikuja kufutwa lilipoundwa Kanisa la Muungano mwaka 1968.

Mpasuko huo ulifika Kongo pia. Wamethodisti wa kaskazini, wakiongozwa na John Springer, walifungua kazi Katanga. Wale wa kusini walikwenda Wembo Nyama, Sankuru, ambako misheni ilianza mwaka 1914 baada ya safari ya askofu Walter Lambuth, mzungu, akiwa na John Wesley Gilbert, msomi mweusi kutoka Georgia. Watu wa Katanga na wa Sankuru hawakuwa na habari yoyote na askofu Andrew na watumwa wake, lakini walipokea Injili ile ile kutoka kwa makanisa mawili yaliyoachana kwa sababu yake.

Kwa Walutheri kilichotenganisha ni lugha. Wajerumani, Waswidi, Wanorwe, Wadeni na Wafini wote walikiri Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri, na wote walijenga sinodi mbalimbali, kila moja na nyimbo zake na chuo chake cha wachungaji. Waswidi waliunda sinodi ya Augustana mwaka 1860. Hao ndio walioleta misheni Iramba na Singida, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndio waliotunza misheni za Wajerumani zilizobaki bila wachungaji katika Tanganyika. Mlutheri wa Kiomboi na wa Machame leo wako katika kanisa moja, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), tangu 1963. Huko Marekani, ambako Augustana ilitoka, safari ya kuunganisha sinodi kubwa ilikamilika tarehe 1 Januari 1988, na Sinodi ya Missouri haikuingia hata hapo.

Ukipima hoja hizi mbili unaweza kusema kila moja ina nusu yake: mafundisho yaliyazaa madhehebu Ulaya, na jamii ikayagawa tena Marekani. Naona jibu hilo linaacha jambo la msingi, nalo ni mamlaka. Nani ana kauli ya mwisho? Nani anampangia mchungaji kazi, na jina la nani liko kwenye hati ya kiwanja?

Tazama kilichotokea Philadelphia mwaka 1997. Mkutano Mkuu wa Walutheri ulipewa mapatano mawili uyapigie kura. La kwanza lilikuwa na makanisa ya urithi wa Calvin na Zwingli, wakiwemo Wapresbiteri na Kanisa la Muungano la Kristo, kuhusu kushirikiana Meza na kubadilishana wachungaji. Likapita. Ule ugomvi wa Marburg, wa karibu miaka 470, haukuwa tena sababu ya kufungiana mlango. La pili lilikuwa na Waepiskopali, ambao kwa Ushirika Mtakatifu wako karibu zaidi na Walutheri. Likaanguka kwa kura sita. Tatizo lilikuwa maaskofu: Waepiskopali walitaka askofu wa Kilutheri awekewe mikono na wale walio katika mnyororo unaorudi hadi mitume, na Walutheri wengi wa asili ya Norwe waliona hapo mtego wa ukuhani. Mapatano yakaandikwa upya na kupita Denver mwaka 1999. Ukitaka kujua jambo gani bado linauma, angalia lile linalohitaji kura mbili.

Mtu atanijibu kwamba uongozi wa kanisa nao ni fundisho. Ni kweli, na Mpresbiteri wa karne ya 17 angekuwa tayari kufungwa kwa ajili ya wazee wake wa kanisa. Lakini leo ni waumini wachache wanaolijua fundisho hilo, na wote wanaishi chini ya matokeo yake. Mmethodisti hupangiwa mchungaji na askofu. Mlutheri humwita mchungaji kwa kura ya usharika, na askofu wa sinodi yake huchaguliwa kwa kipindi cha miaka sita. Mpresbiteri huongozwa na baraza la wazee aliowachagua, nalo liko chini ya presbiteri. Mbaptisti, Mwanafunzi wa Kristo na yule wa Kanisa la Muungano la Kristo huamua mambo yao wenyewe hapo hapo walipo.

Tofauti hizo zilionekana wazi ulipofika mgogoro wa ndoa za jinsia moja. Kanisa la Muungano la Kristo liliziunga mkono mwaka 2005. Usharika usioridhika ulipiga kura, ukaondoka na jengo lake. Waepiskopali walipomweka wakfu Gene Robinson, aliyeishi waziwazi na mwanamume mwenzake, kuwa askofu wa New Hampshire mwaka 2003, wasiokubali hawakuwa na njia hiyo. Walitafuta maaskofu nje, na mwaka 2007 Nairobi, Askofu Mkuu Benjamin Nzimbi wa Kenya aliwaweka wakfu Wamarekani wawili wawachunge huko kwao. Kule Virginia, waumini wa Falls Church, kanisa lenye jengo la mwaka 1769, walipiga kura kwa wingi mkubwa kujitenga. Mahakama iliwaambia jengo ni la dayosisi, na mwaka 2012 wakatoka. Wamethodisti walipewa mlango wa muda: theluthi mbili ya kura, michango ya miaka miwili, na sehemu yao ya pensheni za wachungaji. Kufikia mwisho wa 2023 zaidi ya sharika 7,600, karibu robo ya zote za Marekani, zilikuwa zimepita hapo, na mwaka uliofuata Mkutano Mkuu wa Charlotte ukaondoa makatazo ya zamani kuhusu jambo hilo. Pande zote ziliisoma Biblia ile ile. Kilichoamua nani anabaki na kengele na makaburi ya wazazi wake ni katiba ya dhehebu lake.

Hata hivyo kuna mahali ambapo hoja yangu inakwama. Richard Allen alikuwa mtumwa aliyejinunua, akahubiri kwa Wamethodisti wa St. George's, Philadelphia. Siku moja wasimamizi walimvuta rafiki yake Absalom Jones kutoka magotini, katikati ya maombi, kwa sababu alipiga magoti mahali palipotengwa kwa wazungu. Weusi wakatoka pamoja. Allen akajenga Bethel, na wenye mamlaka wa St. George's wakaendelea kudai kuwa jengo na mimbari viko chini yao, hadi Mahakama Kuu ya Pennsylvania ilipompa Allen haki mwaka 1816. Mwaka huo likaundwa Kanisa la Methodisti la Kiafrika, lenye maaskofu kama Wamethodisti wengine, Kanuni 25 zile zile, na mchungaji anayepangiwa kituo kwa utaratibu ule ule. Mwaka 2012 Kanisa la Muungano la Wamethodisti lilitia muhuri ushirika kamili nalo. Imani ni moja, mfumo wa uongozi ni mmoja, na bado ni makanisa mawili. Wanaohesabu madhehebu makongwe ya Marekani huliacha nje, ingawa lina umri mkubwa kuliko mengi yaliyomo. Hapo sina jibu la kikatiba wala la kitheolojia. Waliofukuzwa wakiwa magotini walijenga nyumba yao, wakaishinda kesi yake mahakamani, na anayetaka warudi chini ya kanisa lililowafukuza ndiye mwenye wajibu wa kueleza kwa nini wafanye hivyo.