Soma diski yako kabla ya kuulizia bei ya pedi

Kutoka Lushoto mpaka Mombo ni kilomita 30 na ushee, karibu zote za kushuka. Juu uko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, chini uko kwenye mita 400 na kitu. Mtu, baiskeli na begi vikifika kilo 90, mteremko ule unaachia nguvu ya kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji ya bomba. Sehemu inabebwa na upepo na tairi. Inayobaki inageuka joto kwenye vipande vinne vya pedi za breki, kila kimoja kikubwa kama stempu ya posta.

Kwa hiyo nikimsikia mtu dukani akiuliza "ipi ya bei nafuu?" halafu analipa na kuondoka, roho inaniuma. Na huwa inaniuma zaidi nikisikia ule ushauri mwingine, ambao kila kijiwe cha waendesha baiskeli za milimani unao: "Weka za chuma, utasahau habari ya pedi."

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuufuata. Baiskeli yangu ya wakati huo ilikuwa ya mtumba, fremu nzima kabisa, breki za mafuta za daraja la kawaida, diski (lile bati la duara linalobanwa na pedi) mbele na nyuma. Pedi za nyuma zilipoisha, muuzaji mmoja akanipa za chuma, akanihakikishia kwamba zitadumu mara mbili ya zile za zamani. Kuhusu pedi alisema kweli. Zilidumu. Nilishuka nazo masika nzima, kwenye tope lile jekundu la Usambara linaloganda kwenye tairi kama udongo wa mfinyanzi, na kila nikizichungulia naona bado zina nyama.

Siku moja nikiwa naosha baiskeli nikapitisha kidole kwenye diski ya nyuma, kutoka katikati kwenda nje. Kucha ikakwama. Pale ukingoni, ambapo pedi haifiki, chuma kilikuwa na unene wake wa kiwandani. Pale pedi inaposugua palikuwa na bonde, unalihisi wazi kama ngazi ndogo. Nikaipeleka kwa fundi wangu, mzee aliyeanza kazi hii enzi za baiskeli za breki za fito.

"Shikamoo mzee. Naomba uniangalizie hii diski."

"Marahaba mwanangu." Akaipima mara tatu, sehemu tatu. Milimita 1.3. Akafuta vumbi kwa kidole gumba, akanionyesha maandishi yaliyochongwa karibu na boliti: unene wa mwisho, 1.5. Na pembeni yake maneno matatu ya Kiingereza, RESIN PAD ONLY.

"Si waliniambia za chuma ndiyo bora, mzee?"

"Bora kwa diski ngumu. Hii ni laini. Umeisugua na msasa miezi mitatu."

Maneno yale matatu maana yake ni kwamba diski hiyo ni ya pedi za rezini tu, yaani zile za gundi, si za chuma. Yalikuwa pale tangu siku niliponunua baiskeli. Sikuwa nimeinama kuyasoma, na muuzaji hakuniuliza. Diski mpya ikanigharimu zaidi ya pedi jozi mbili.

Huo ndio msimamo wangu wote kwenye jambo hili: chaguo la pedi linaanzia kwenye diski. Diski nyingi za bei ya chini, ambazo ndizo zimefungwa kwenye baiskeli nyingi tunazonunua huku, hazikutengenezwa kuhimili pedi za chuma. Kwa upande wa Shimano, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli, kwa mfano, diski za RT10, RT30 na RT54 ni za rezini peke yake, wakati RT66 inapokea zote. Ukitaka kuhamia za chuma, badilisha diski kwanza, ndipo uzungumzie pedi. Ukishindwa bei ya diski, baki na rezini, na hutakuwa umekosea kitu.

Maana rezini si pedi ya watu wasiojiweza, kama wengine wanavyodhani. Ni nyuzi na unga uliogandishwa kwa gundi. Inashika mara moja hata ikiwa ya baridi, haipigi kelele, na joto lake halikimbilii kwenye mafuta ya breki haraka. Kwa mtu wa njia kavu za Arusha, au anayezunguka tu vichochoro vya mjini na vilima vifupi, mimi naichagua rezini bila kusita. Udhaifu wake ni miwili. Tope linaila vibaya mno. Nimeona pedi nzima ikiisha ndani ya safari moja ya mvua. Na ikipata moto kupita kiasi uso wake unang'aa kama kioo: wewe unabana breki kwa nguvu zote na baiskeli inaendelea kwenda.

Za chuma ni unga wa metali uliogandamizwa kwa moto mkali mpaka ukashikana. Zinavumilia joto na tope. Asubuhi ya baridi zinachelewa kidogo kushika, zikilowa zinalia, na joto linapenya kwa wepesi zaidi kwenda kwenye pistoni inayosukuma pedi na kwenye mafuta. Kama mafuta yako ni ya zamani na yameshaingia maji, huo ndio mlango wa matatizo: yanachemka, na mkono wa breki unazama mpaka unagusa usukani. Kwa mteremko kama wa Lushoto wakati wa masika, na diski inayokubali, nafunga za chuma mbele na nyuma. Mafuta nayabadilisha kabla mvua hazijaanza.

Zipo pia za katikati, mchanganyiko wa gundi na metali. Sina ugomvi nazo, lakini kwa diski ya rezini tu nazikwepa.

Umbo ni jambo la pili, na hapa dawa ni moja: chomoa pedi ya zamani, ifunge kwenye kitambaa, nenda nayo dukani. Usitaje jina la breki kwa kukumbuka. Kampuni ileile inaweza kuwa na maumbo kadhaa yanayofanana kwa macho. Breki za SRAM, kampuni nyingine, aina ya Guide na G2 zinatumia pedi zilezile, lakini Code ina pedi zake kubwa zaidi. Kwa Shimano, umbo la B01S lilirithiwa na B03S, kisha B05S, na zote zinaingia mahali pamoja, kwa hiyo usirudi nyumbani mikono mitupu eti kwa sababu namba haifanani. Kwenye majina ya siku hizi tazama pia herufi ya kwanza baada ya kistari: R ni rezini, M ni metali. Pakiti isiyosema pedi imetengenezwa kwa kitu gani, mimi naiacha kaunta, hata ikiwa robo ya bei.

Sasa kuna jambo linalonikera kuliko yote, nalo si la dukani. Ni la pale tunapooshea. Kijana anakuoshea baiskeli vizuri, anaisugua mpaka inameta, halafu kwa nia njema kabisa anachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa na kufuta diski "ing'ae". Ndugu yangu, hizo pedi zimekwisha. Rezini ni kama sponji, ikishanyonya mafuta itapiga yowe kila ukibana na haitashika tena kama zamani. Najua watu wanazipiga msasa, wanazichoma kwa moto wa jiko. Nimejaribu vyote viwili. Kelele zilitulia siku mbili zikarudi, na mimi sitaki kuwa kwenye kona za Soni, katika mteremko uleule wa Lushoto, nikiwaza kama siku mbili zimetimia. Nilizitupa. Diski nilifuta kwa spiriti na kitambaa safi, nikafunga pedi mpya, mikono nimeosha kwa sabuni. Kwa hiyo mwambie kijana wa kuosha, kabla hajaanza: maji na sabuni tu, na mafuta ya mnyororo nitaweka mwenyewe.

Lini ubadilishe? Shimano wanasema ikibaki milimita 0.5 ya ile sehemu inayosugua. Huwezi kubeba kipimo porini, lakini kadi ya benki unayo mfukoni, na unene wake ni milimita 0.76. Chungulia kwa tochi ya simu. Nyama ya pedi ikishakuwa nyembamba kama kadi, mimi sisubiri ifike 0.5, hasa kama ninapanda msitu wa Magamba kesho yake. Tope litamaliza kilichobaki kabla sijafika chini, na baada ya hapo ni bati la pedi linakwangua diski.

Na ukishafunga mpya, usiende nazo moja kwa moja mteremkoni. Pedi mpya haijashikana na diski bado; inahitaji kuacha tabaka jembamba la unga wake juu ya chuma. Tafuta barabara tulivu, kimbia mwendo wa wastani, bana breki taratibu mpaka ubaki mwendo wa mtu anayetembea, achia, kimbia tena. Mara 20 kwa kila breki, bila kufunga gurudumu likaburuzika. Halafu mara 10 nyingine kwa mwendo mkali zaidi. Ni robo saa ya kazi, na wengi tunaiona ya kuchosha. Lakini ndiyo inayotenganisha pedi inayoshika na pedi ambayo mtu atarudi nayo dukani kesho akilalamika kwamba ameuziwa feki.

Jumamosi napakia baiskeli juu ya kosta kwenda Lushoto. Pedi za nyuma nimefunga jana usiku, jozi ya akiba iko kwenye begi ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na chupa ya mafuta ya mnyororo. Leo jioni, jua likipungua, nazizoesha hapa barabara ya nyuma ya soko.