Mlinzi wa Tovuti na Daftari Lake

Ukiingia jengo la ofisi pale Nyali, Mombasa, askari wa getini anakuandika daftarini: jina, nambari ya kitambulisho, simu, saa. Plagini ya ulinzi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye tovuti, hufanya kazi iyo hiyo, ila mgeni haioni kalamu. Hunakili anwani ya IP (nambari inayotambulisha muunganisho wa intaneti wa mgeni), saa, ukurasa uliofunguliwa na mara nyingi jina lililotumiwa kujaribu kuingia.

Nyumba nyingi za wageni, kuanzia Mji wa Kale hadi Bamburi, hupokea maombi ya vyumba kupitia tovuti zao. Je, daftari hilo linakubaliana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019?

Wanaozitetea plagini hizi wana hoja nzito. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinamtaka anayeshika data za watu aweke hatua za kiufundi za kuzilinda. Data zikiibwa na wenyewe wakawa hatarini kudhurika, mwenye tovuti ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data. Bila kumbukumbu za nani aliingia na lini, atamweleza nini? Hata GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda data, inatambua usalama wa mtandao kuwa maslahi halali, yaani sababu inayokubalika ya kushika data.

Lakini mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa hata IP inayobadilikabadilika yaweza kuwa data binafsi. Tena baadhi ya plagini huzipeleka IP hizo kwenye seva za ng'ambo, na sheria yetu inadai kinga ya kutosha kabla data haijavuka mpaka. Jambo linalonisumbua zaidi ni hili: kwenye intaneti ya simu, watu wengi hutumia IP moja kwa pamoja. Ukiifunga kwa sababu ya mdukuzi mmoja, umewafungia na wasio na hatia, na daftari lako halimtaji mtu kwa uhakika.

Kwa hiyo mimi nasema plagini ibaki, daftari lipunguzwe. Anayebahatisha nywila huzuiwa papo hapo. Orodha ya miaka mitatu nyuma haimzuii mtu. Ni kweli uvamizi mwingine hugunduliwa baada ya miezi, ndiyo maana sisemi kumbukumbu zifutwe kesho yake.

Wapo wanaojifariji kuwa biashara ndogo haihusiki. Msamaha wa kujisajili upo kwa mwenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, lakini hoteli na nyumba za wageni hazimo katika msamaha huo. Na ni msamaha wa usajili tu. Wajibu wa kulinda data uko palepale.

Mwenye nyumba ya wageni amuulize fundi wake leo: kumbukumbu zinakaa siku ngapi, zinapelekwa nchi gani, na ilani ya faragha inasema hivyo? Faini yaweza kufika milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo. Sheria inamtambua yeye kuwa mdhibiti wa data, yaani mwenye kuamua data zikusanywe kwa nini na vipi, hata kama plagini iliwekwa na fundi bila yeye kujua.