Kesi Ni ya Jamhuri, Si ya Mashemeji

Februari nililetewa barua ya kuitwa mahakamani hapa Minneapolis, Marekani, si kama mshtakiwa, ashukuriwe Mungu, bali kama mzee wa baraza. Mimi, binti wa Ahero, mzee! Huku raia 12 wa kawaida ndio wanaoamua kama mtu ana hatia, jaji akabaki na adhabu. Tena mpaka 1975, kule Louisiana mwanamke hakuitwa kwenye kazi hiyo asipoandika mwenyewe kuiomba.

Kesi yetu ilikuwa ya mwanamume aliyedaiwa kumkaba mkewe koo. Mke alishabadili nia. Aliinamisha macho, kila swali "sikumbuki". Nikadhani yamekwisha, twende zetu. Kumbe mwendesha mashtaka hakuwa akimwomba ruhusa: jalada limeandikwa Jimbo la Minnesota dhidi ya fulani, na mama wa watu ni shahidi tu.

Nikamkumbuka mdogo wangu. Mwaka 2019 aliingia kituo kimoja cha polisi Kisumu jicho limefumba, risiti ya hospitali kaifunga kwenye pindo la leso. Aliomba fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha. Afisa akamuuliza, "Mama, wazee wa ukoo wanajua?" Jumamosi iliyofuata wazee wakakaa chini ya mwembe, mashemeji wakaleta mbuzi, akachinjwa, akaliwa. Nisijifanye mtakatifu: pesa za soda nilituma mimi.

Kinachoniuma ni kwamba kwa maandishi tumewatangulia hawa. Ibara ya 27 ya Katiba yetu ya Kenya ya 2010 inasema wazi kuwa wanawake na wanaume wana haki sawa. Ya 2 inabatilisha mila inayopingana na Katiba. Ya 159 inaruhusu usuluhishi wa kimila, mradi usikanyage haki za mtu. Wamarekani hawana kifungu kama cha 27. Pendekezo la usawa wa jinsia lilipita kwenye Bunge lao 1972 na mpaka leo halijaingizwa katika katiba yao. Na hata Kisumu, kesi ya jinai ikiitwa, karani husoma "Jamhuri dhidi ya". Jamhuri, jamani! Hakuna mahali palipoandikwa ukoo wa huyu dhidi ya ukoo wa yule.

Najua mtaniambia huku nako maskini wanasota rumande kwa kukosa pesa ya dhamana. Ni kweli. Na yule mume? Tulimwachilia. Ushahidi ulikuwa na mapengo, na penye shaka mshtakiwa ndiye anayepewa nafuu. Kura hiyo niliipiga kwa mkono wangu, usiku sikulala. Lakini alikaa siku tatu mbele yetu watu 12, tukisikiliza alichodaiwa kufanya. Shemeji yangu hajaulizwa hata na askari mmoja. Krismasi alinipigia simu kuuliza kama viatu saizi 43 huku ni bei rahisi.