Za chomboni na za barazani si moja

Nashukuru kwa makala kuhusu nyimbo za wazamia lulu wa Bahrain, ila mwandishi amezichanganya anaposema zote zilikuwa za kujiburudisha. Fijiri, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2021, ndiyo ya barazani: watu hukaa duara, mwimbaji katikati, na mtungi wa udongo unapigwa kwa viganja mpaka unanguruma.

Za chomboni zilikuwa kazi yenyewe. Kutweka tanga kulikuwa na wimbo wake, kuvuta makasia wimbo wake, kung'oa nanga wimbo wake. Nahodha alimwajiri mwimbaji, nahham, kwa ajili ya hilo. Yeye anatoa ubeti, mabaharia wanaitikia kwa sauti nzito ya kifuani, na kamba inakwenda pamoja na itikio. Kila mtu akivuta kwa wakati wake, foromali, ule mti unaobeba tanga, haipandi! Sisi tuliokulia pwani tukiona jahazi zikishushwa majini tunalijua hilo mwilini.

Lulu za kufugwa za Japani ziliivunja biashara ya lulu ya Bahrain miaka ya 1930. Naomba wanaorekodi wazee wa mji wa Muharraq, huko Bahrain, wawaulize pia: mkono ulivuta kwenye neno gani?