Chura Meneja

Mtu mzima na vikaragosi wapi na wapi? Huniuliza mke wangu, huniuliza wageni, na siku hizi hata mwanangu wa darasa la sita, ambaye ameshajiona mkubwa mno kwa mambo hayo. Sibishani nao. Naongeza sauti tu.

Ugonjwa wangu unaitwa The Muppet Show, onyesho la televisheni la vikaragosi: vipindi 120 vilivyotengenezwa kati ya 1976 na 1981 katika studio za ATV huko Elstree, Uingereza. Sisi tulivitazama kwenye kanda za video alizokuja nazo mjomba kutoka ng'ambo, zikachezwa mpaka chura Kermit akaanza kupoteza rangi yake ya kijani. Wakati huo mtu wangu alikuwa Animal, yule mpiga ngoma wa kufungwa mnyororo, kwa kuwa alivunja vitu na hakuna aliyemchapa.

Sasa ninayemwangalia ni Kermit. Chura yule ni meneja wa ukumbi wa maonyesho. Mgeni mashuhuri yuko chumbani anajiandaa, mmoja kalipua jukwaa, nguruwe Miss Piggy anadai wimbo ambao si wake, na juu kwenye roshani wazee wawili, Statler na Waldorf, wanakandia kila kitu kisha safari ijayo wamekaa palepale. Aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi anamjua Kermit vizuri. Nyuma ya pazia anapiga kelele na kurusha mikono. Pazia likifunguka, anatabasamu na kumkaribisha mgeni.

Na hamfukuzi mtu. Fozzie ni dubu mchekeshaji asiyechekesha, na hilo limethibitika msimu baada ya msimu. Gonzo anakula tairi la gari huku muziki ukipigwa, anasema ni sanaa. Wote kesho wana nafasi jukwaani. Nilipokuwa mdogo niliona vituko. Leo naona meneja aliyeamua kwamba onyesho ni la hawa alionao, wala hasubiri wengine walio bora zaidi. Sijui kama ofisi inaweza kuendeshwa hivyo. Ila ningependa kuajiriwa hapo.

Kwa hiyo nakataa kuambiwa hiki ni kipindi cha watoto. Jim Henson, aliyewabuni, naye alikataa. Vikaragosi vyake vilikuwa vimepata umaarufu kwenye kipindi cha watoto cha Sesame Street tangu 1969, na stesheni kubwa za Marekani zikamwona ni mtu wa watoto, hazikutaka onyesho lake la usiku. Aliyetoa fedha ni Lew Grade, bwana mkubwa wa televisheni wa Uingereza. Ndiyo maana kundi zima la Wamarekani likahamia karibu na London.

Watu hudhani ukijua siri ya kikaragosi utamu unaisha. Kwangu umeongezeka. Jukwaa lilijengwa juu, wachezeshaji wakasimama chini yake mikono ikiwa hewani, macho kwenye skrini ndogo kuona kamera inaona nini. Mkono wa kulia ndio ulioingia kichwani, wa kushoto ukabaki kufanya kazi za mkono, na ndiyo sababu vikaragosi wengi wanatumia mashoto. Yule mpishi wa Kiswidi ni watu wawili: kichwa na sauti ni Henson, mikono ni ya Frank Oz, mikono halisi ya binadamu, na Oz alipenda kumtega mwenzake kwa kufanya jambo ambalo hawakupanga. Tazama tena ukijua hilo. Utaona kichwa kikihangaika kuifuata mikono.

Kipindi ninachokirudia kuliko vyote ni cha Harry Belafonte, msimu wa tatu. Huyu ndiye aliyeimba Malaika na Miriam Makeba kwenye albamu yao ya 1965, kwa hiyo kwetu si mgeni kabisa. Kwanza anapambana na Animal kwa ngoma, kichekesho kitupu. Kisha mwishoni anaimba akiwa amezungukwa na vikaragosi vilivyotengenezwa kwa mfano wa vinyago vya Kiafrika, na hapo hakuna mzaha hata mmoja. Televisheni ya miaka ile ilizoea kuileta Afrika kama mahali pa simba na wachawi. Dakika zile chache zilikuwa na adabu ambayo hata leo sijaizoea.

Walioharibu ni waliotaka kuwakuza. Disney iliwanunua Muppets mwaka 2004, na mwaka 2015 ukaja mfululizo mpya kwenye stesheni ya ABC ya Marekani, wa mtindo wa filamu ya hali halisi ofisini, mambo ya uchumba na kuachana, Kermit kashachoka na maisha. Ulidumu msimu mmoja. Walidhani utu uzima ni maongezi ya chumbani, kumbe tayari ulikuwepo kwenye uso wa chura anayetafuta kichekesho au wimbo wa kujaza dakika tatu zilizobaki.

Vipindi vya zamani viliwekwa Disney+, huduma ya kutazama mtandaoni, mwaka 2021. Ukianza, ruka msimu wa kwanza, bado walikuwa wanajitafuta. Anzia kwa Belafonte. Na kama mtoto wako wa darasa la sita atakucheka, mwache. Wangu alikaa mlangoni mpaka mwisho, akasema alikuwa anasubiri rimoti.