Programu ya bajeti: isome meseji za M-Pesa, au uandike mwenyewe?

Kwa Mkenya ambaye pesa zake nyingi hupita M-Pesa, kuchagua programu ya bajeti huanza na swali moja: nani ataandika matumizi, simu au wewe?

Programu zinazosoma meseji hazisahau, na hiyo si faida ndogo. Ukimtumia mtu shilingi 1,000, zinanasa hata ile ada ya 13 ambayo waandikaji wa mkono huiacha, kisha mwisho wa mwezi wakashangaa hesabu hailingani na salio. Lakini ni za Android tu. iPhone hairuhusu programu kusoma meseji zako. Tena ruhusa hiyo haibagui: inayosoma za M-Pesa inaweza kusoma na za hospitali na namba za uthibitisho za benki.

Shida kubwa zaidi ni jinsi zinavyoielewa meseji. Chukua Fuliza, mkopo wa M-Pesa unaojazia salio lisipotosha. Una 200, unalipa dukani 700, Fuliza inajazia 500. Kesho zinaingia 3,000 na deni linakatwa hapohapo pamoja na ada. Programu isiyoijua Fuliza huandika 500 kama mapato, kisha 500 nyingine kama matumizi juu ya zile 700. Ulichotumia ni 700 na ada, basi. Ukitoa 5,000 kwa wakala, vilevile: hujazitumia, zimehamia mfukoni. Programu ikiziweka kwenye matumizi, nawe ukaandika mboga na nauli, umehesabu mara mbili. Na mchango wa chama uliotumwa kwa simu ya mweka hazina utaonekana kama umemtumia rafiki, mpaka uupe jina mwenyewe.

Kuandika kwa mkono kunachosha, na wengi huacha kabla mwezi haujaisha. Hata hivyo, kunakulazimisha kugawa pesa kabla hazijatumika, wakati meseji huja pesa zikiwa zimeshaenda. Kwa mwenye kipato cha kupanda na kushuka, hilo ndilo la maana, na ndiyo sababu tunaegemea upande huu. Programu ya Goodbudget hutoa bahasha 20, yaani mafungu ya matumizi, na akaunti moja bila malipo. Kwa nyumba nyingi zinatosha. Programu ya YNAB inapanga vizuri zaidi, ila ni dola 109 kwa mwaka na haiunganiki na M-Pesa: utalipa, na bado uandike mwenyewe.

Pengo la ada linazibika. Kila mwisho wa mwezi piga *334#, ingia kwenye akaunti yako, omba taarifa ya M-Pesa ije kwa barua pepe, jumlisha ada zote na uziandike kama tumizi moja. Salio la programu likikataa kulingana na la taarifa, anza kutafuta kwenye Fuliza na pesa ulizotoa kwa wakala.

Na kabla ya kuingiza chochote, hakikisha programu inatoa rekodi zako kwa faili la CSV, ambalo programu nyingine zinaweza kulisoma, ili usizipoteze ikifungwa. Programu ya bajeti ya Mint ya Marekani ilikuwa maarufu sana, na bado wenyewe, kampuni ya Intuit, waliifunga Machi 2024.